Kutoa ni Moyo, Kulipa ni Wajibu

Mada iliyotolewa kwa wakazi na viongozi wa kata kuhusu wajibu wa kampuni kwa jamii na ubunifu wa kijamii



Hakuna mkazi wa kata asiyeifahamu sherehe ya makabidhiano. Turubai hufungwa asubuhi na mapema, viti vya plastiki hupangwa, wanafunzi huimba, utepe hukatwa, na mwakilishi wa kampuni hupigwa picha mbele ya madawati hamsini au kisima kipya. Mwenyekiti wa kijiji husimama na kushukuru. Wananchi hupiga makofi, kisha magari huondoka na vumbi lake. Siku hiyo hakuna anayeuliza swali, kwani wahenga walikwisha kusema kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na aliyepewa kwa moyo hamhoji aliyempa.

Hata hivyo wahenga hao hao walisema pia kwamba dawa ya deni ni kulipa. Mada hii imekusudia kupambanua mambo hayo mawili, zawadi na deni, kwa sababu hasara nyingi zinazozikumba huduma za jamii huanzia pale yanapochanganywa. Kitu kikipokewa kama zawadi, hakiulizwi bei, hakipangiwi siku ya kukaguliwa, wala hakina mtu wa kujibu kinapoharibika. Kikipokewa kama wajibu uliotimizwa, hayo matatu yote huwa haki ya mwananchi.

Mjadala wa vyuo vya biashara

Swali la kampuni inadaiwa nini na jamii limejadiliwa kwa muda mrefu katika vyuo vinavyofunza mameneja. Mwaka 1953 mchumi wa Marekani Howard Bowen alichapisha kitabu kizima juu ya wajibu wa kijamii wa mfanyabiashara. Miaka 17 baadaye, tarehe 13 Septemba 1970, Milton Friedman wa Chuo Kikuu cha Chicago alimpinga kila mwenye mawazo ya namna hiyo. Katika makala yake ndani ya jarida la New York Times Magazine alidai kwamba wajibu wa kijamii wa biashara ni kuongeza faida, maadam inafuata kanuni na haitumii ulaghai. Meneja, alisema, ni mwajiriwa wa wenye hisa. Akitoa fedha zao kwa hisani, anatoa kisicho chake.

Wengi humtaja Friedman kana kwamba alizipa kampuni ruhusa ya kutojali watu. Maneno yake yasomwe kwa utulivu. Aliiamrisha biashara itii sheria, na kazi za umma aliziacha kwa serikali iliyochaguliwa na watu. Kwa hiyo mahali ambapo sheria ya nchi inaiagiza kampuni kutenga fedha kwa ajili ya jamii, hata mfuasi mkubwa wa Friedman hana pa kujificha. Fedha hizo zimekwisha kutoka katika mlango wa hisani na kuingia katika mlango wa sheria.

Mwaka 1984 R. Edward Freeman alileta mtazamo mwingine. Alisema kampuni haina wenye hisa pekee, bali ina wadau: wafanyakazi, wateja, wauzaji wa malighafi na jamii inayoizunguka. Kila anayeguswa na matendo ya kampuni ana sehemu katika hesabu zake. Kijiji kinachokunywa maji ya mto upitao nyuma ya kiwanda kimo ndani ya biashara ile, kipende kisipende. Neno wadau leo halikosekani katika mkutano wowote wa maendeleo, ila mara nyingi hutumika kama cheo cha heshima cha wageni waalikwa. Maana yake ni nzito zaidi: mdau ni mtu mwenye haki ya kusikilizwa kabla ya uamuzi.

Mwaka 1991 Archie Carroll aliuchora wajibu wa kampuni kama piramidi yenye ngazi nne. Chini kabisa pana wajibu wa kiuchumi, yaani kuzalisha na kupata faida. Juu yake pana wajibu wa kisheria, kisha wa kimaadili, na hisani ipo kileleni. Nyumba huanza na msingi. Kampuni inayogawa madawati ilhali haijalipa ushuru wa huduma, au haijawalipa vibarua wake, imeezeka paa la nyumba isiyo na kuta.

Mwaka 2011 Michael Porter na Mark Kramer waliandika katika Harvard Business Review juu ya thamani ya pamoja. Walisema kampuni inaweza kupata faida kwa njia ile ile inayotatua tatizo la jamii, kama vile kuwafundisha na kuwawezesha wakulima jirani ili iwe na uhakika wa mazao bora. Wazo hili lilipendwa sana, na liliulizwa swali moja gumu. Je, faida na maslahi ya watu yanapogongana, nani ataamua? Kumfundisha mkulima kunailetea kampuni mazao. Kusafisha majitaka kunaiongezea gharama tu. Mahali pa namna hiyo nia njema haitoshi. Panahitajika sheria, na panahitajika watu wanaouliza.

Ubunifu wa kijamii na sanduku la kufuli tatu

Sambamba na mjadala huo, vyuo vya biashara vimeanza kufundisha somo la ubunifu wa kijamii. Kwa maneno mepesi, huo ni utatuzi mpya wa tatizo la watu, ulio bora kuliko ule wa zamani, na ambao manufaa yake huenda kwa jamii zaidi kuliko kwa mtu mmoja. Somo hili si geni kwa kata za Tanzania, ingawa jina lake huenda likawa geni.

Mfano wa kwanza umo majumbani. Mwaka 1991, nchini Niger, shirika la CARE lilianza kufanya kazi na vikundi vya wanawake waliokusanya akiba yao wenyewe na kukopeshana. Mtindo huo ukaenea katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, na leo vikundi vya kuweka na kukopa vipo karibu kila kijiji. Kiini chake ni sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu zinazotunzwa na wanakikundi watatu tofauti. Sanduku halifunguliwi isipokuwa mbele ya wote, na fedha huhesabiwa kwa sauti. Hapakuwa na mfadhili aliyemwaga fedha ndani ya sanduku lile. Kilichotolewa ni utaratibu, na ndani ya utaratibu ule uwajibikaji umefungwa pamoja na fedha.

Mfano wa pili ni huduma ya M-Pesa. Majaribio yake yalianza nchini Kenya mwaka 2005, sehemu ya gharama ikichangiwa na fedha za misaada za serikali ya Uingereza. Lengo la awali lilikuwa kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa marejesho kwa simu. Wateja wenyewe wakaanza kuitumia kutumiana fedha. Kampuni ikasikiliza, ikabadilisha mpango, na mwezi Machi 2007 Safaricom ikaizindua kama huduma ya kutuma fedha. Mwaka 2008 ikaingia Tanzania. Mwenye tatizo ndiye aliyeonyesha dawa. Sifa ya kampuni ni kwamba haikuziba masikio.

Mifano hiyo miwili inatoa kipimo kinachoweza kutumika kwa mradi wowote wa kampuni katika kata. Je, watumiaji walisikilizwa? Je, mradi utaendelea kuishi mtoaji akishaondoka? Je, fedha yake inahesabiwa mbele ya wenyewe? Mradi usioweza kujibu maswali hayo unaweza kuwa zawadi nzuri, lakini haujawa suluhisho.

Funzo la Rana Plaza

Wapo wanaosema kwamba kampuni ziachwe zijisimamie, kwa kuwa zina taratibu zao za maadili na wakaguzi wao. Bangladesh ilitoa jibu chungu. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza, karibu na jiji la Dhaka, liliporomoka na kuua watu 1,134, wengi wao washonaji wa nguo zilizouzwa Ulaya na Marekani. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa ndani ya jengo iliwarudisha wafanyakazi wake nyumbani. Washonaji waliamriwa kurudi kazini.

Baadhi ya viwanda vya ndani ya jengo hilo vilikuwa vimekwisha kupitiwa na wakaguzi wa kijamii wa sekta ya nguo. Karatasi zilikuwapo. Kilichokosekana ni mkaguzi asiyemtegemea mkaguliwa, na mfanyakazi mwenye haki ya kukataa kuingia. Mwezi Mei mwaka huo makubaliano mapya yalitiwa saini kati ya kampuni za mavazi na vyama vya wafanyakazi, na baadaye zaidi ya kampuni 200 zilijiunga. Yalikuwa mkataba unaofunga kisheria, ripoti za ukaguzi zilitangazwa hadharani, na mfanyakazi alipewa haki ya kukataa kazi mahali penye hatari. Viwanda zaidi ya 1,000 vilikaguliwa chini ya mkataba huo. Yaliyokuwa ahadi yakawa deni, na deni likawa na tarehe ya kulipwa.

Sheria ya Tanzania inasemaje

Nchi kadhaa zimechagua njia ya sheria. India, kwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2013, inazitaka kampuni zilizofikia ukubwa fulani zitumie angalau asilimia 2 ya wastani wa faida yao ya miaka mitatu kwa shughuli za kijamii. Tanzania nayo imeifuata njia hiyo katika sekta ya madini.

Marekebisho ya mwaka 2017 yaliingiza kifungu cha 105 katika Sheria ya Madini. Kifungu hicho kinamtaka mwenye leseni ya madini kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wa kampuni kwa jamii, uliokubaliwa kwa pamoja na serikali ya mtaa husika. Mpango unapaswa kuzingatia mambo ya mazingira, jamii, uchumi na utamaduni kwa kufuata vipaumbele vya eneo, na unawasilishwa kwa halmashauri ili uchunguzwe na kuidhinishwa. Halmashauri nayo imepewa kazi tatu: kuandaa miongozo, kusimamia utekelezaji, na kuwaelimisha wananchi juu ya miradi iliyo katika maeneo yao. Kanuni mahususi zilifuata mwaka 2023.

Uzito wa kifungu hicho uko katika maneno matatu: kukubaliwa kwa pamoja. Kabla ya mwaka 2017 mgodi uliweza kuamua peke yake kwamba kijiji kinahitaji uwanja wa mpira, hata kama wajawazito wa kijiji hicho walitembea saa mbili kufika zahanati. Sasa kipaumbele hakitoki katika ofisi ya mgodi. Kinapaswa kutoka kwa watu, na mahali pake pa kuzaliwa ni mkutano mkuu wa kijiji.

Ipo sheria nyingine inayofaa kufahamika, nayo ni ile ya Uwazi na Uwajibikaji katika tasnia ya madini, mafuta na gesi ya mwaka 2015. Inazitaka kampuni za tasnia hiyo kutoa kila mwaka taarifa zinazohusu, pamoja na mengine, wajibu wao kwa jamii. Vilevile Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa, na mwenye taarifa anatakiwa kumjibu ndani ya siku 30.

Jambo moja lisichanganywe. Fedha ambazo mitaani huitwa CSR si mbadala wa ushuru wa huduma. Ushuru wa huduma ni mapato ya halmashauri, hukokotolewa kwenye mauzo ya kampuni, na hulipwa iwe kampuni imejenga darasa au haikujenga. Kampuni haiwezi kuonyesha madawati na kusema kwamba imekwisha kulipa.

Kisima kimoja, maswali manne

Na ichukuliwe, kwa mfano tu, habari ya kisima. Kampuni imechimba kisima kirefu, imefunga pampu ya umeme wa jua, na utepe umekatwa. Mwezi wa nane pampu inasimama. Kampuni inasema ilikwisha kukabidhi. Kijiji kinasema kisima ni cha kampuni. Watoto wanarudi kwenye dimbwi la zamani pamoja na ng'ombe. Katika mfano huu huenda hakuna mwizi wala mwongo. Kuna maswali ambayo hayakuulizwa siku ambayo yalipaswa kuulizwa.

Swali la kwanza: nani alikichagua? Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uonyeshe kwamba wananchi waliweka maji mbele ya mahitaji mengine, na uonyeshe mahali walipotaka kisima kiwe. Wanawake ndio wabebaji wakuu wa ndoo. Muhtasari usiokuwa na sauti yao una upungufu.

Swali la pili: kimegharimu kiasi gani? Mchanganuo wa gharama uwekwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, uonyeshe uchimbaji, pampu, tangi, usafiri na ujira. Kama kampuni imetenga shilingi milioni 100 katika mpango wake wa mwaka, na kisima kimeandikwa humo kwa shilingi milioni 60, basi mwananchi ana haki ya kujua kama kisima cha aina hiyo kwingineko wilayani kimegharimu 60 au 35. Mali bila daftari hupotea bila habari, na thamani iliyokuzwa kwenye karatasi ni mali iliyopotea mchana.

Swali la tatu: kitatunzwa na nani? Kabla ya utepe kukatwa, chombo cha watumiaji maji cha jamii kiwe kimekubali kukipokea, fundi awe anajulikana, vipuri viwe vinapatikana, na bei ya ndoo iwe imekubaliwa. Hapa ndipo ubunifu wa kijamii unapofaa. Kijiji kilichokwisha kuzoea sanduku la kufuli tatu hakishindwi kutunza mfuko wa matengenezo kwa utaratibu ule ule.

Swali la nne: nani atakikagua, na lini? Tarehe ya ukaguzi iandikwe katika makubaliano: baada ya miezi sita, na tena baada ya mwaka. Aende mtaalamu wa maji, mwakilishi wa kampuni, mtendaji, na wananchi waliochaguliwa na mkutano. Matokeo yasomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa taratibu za serikali za mitaa hukutana kila baada ya miezi mitatu.

Kwa kampuni zisizo za madini, kama vile viwanda, mashamba makubwa na mitandao ya simu, kifungu cha 105 hakihusiki. Maswali manne yanabaki yale yale. Kampuni yenye nia njema hufurahi kuulizwa, kwa sababu kisima kinachotoa maji baada ya miaka mitano kinaitangaza kuliko picha ya siku moja. Ahadi yoyote iandikwe, itiwe saini, na nakala ibaki katika ofisi ya kijiji, si mfukoni mwa kiongozi mmoja.

Kila mmoja na ufunguo wake

Ingekuwa rahisi kuishia kwa kuzinyooshea kampuni kidole. Haki inataka zaidi. Sheria imeikabidhi halmashauri usimamizi, kwa hiyo mradi ukikwama, halmashauri haiwezi kusimama pembeni kama mtazamaji. Mpango uliokubaliwa na mgodi unapaswa kufika vijijini ukiwa na majina ya miradi na gharama zake. Mpango uliofungiwa kabatini haujamwelimisha mwananchi yeyote. Diwani anayeomba mradi uhamishwe kutoka kijiji chenye uhitaji kwenda kijiji chenye kura amekula deni la wengine. Mwenyekiti anayepokea posho ili asiulize ameuza ufunguo aliopewa autunze.

Mwananchi naye ana sehemu yake. Mkutano mkuu wa kijiji usiofikia akidi hauwezi kuweka kipaumbele, na nafasi iliyoachwa wazi na wananchi hujazwa na mtu mwingine. Anayeng'oa taa ya sola ya zahanati usiku ameifuta hoja yake mwenyewe mchana. Kudai kunampasa mtu ahudhurie, asome ubao wa matangazo, aulize kwa adabu na kwa maandishi, na atunze kilichopatikana.

Vyuo vya biashara vitaendelea kubishana juu ya Friedman na Freeman, juu ya faida na wadau. Katika kata, ubishi huo una sura iliyo wazi. Upo kwenye umbali kati ya mlango wa nyumba na bomba la maji, kwenye idadi ya watoto wanaokaa katika dawati moja, na kwenye zahanati iliyo na jengo jipya lakini haina mganga. Kampuni ina ufunguo mmoja, halmashauri ina wa pili, na wananchi wana wa tatu. Sanduku lile halifunguki kwa funguo mbili.

Siku nyingine utepe utakapokatwa, makofi yapigwe, maana shukrani ni ustaarabu. Makofi yakishatulia, mzee mmoja au mama mmoja asimame aulize: kimegharimu kiasi gani, na kitakaguliwa lini? Swali hilo lisichukuliwe kuwa utovu wa shukrani. Ni risiti ya deni lililolipwa.